Jua la uani: vitamini D ya mama na moyo wa mwanawe

Mwezi wa Shaabani uliopita kamati ya msikiti wetu ilikaa kujadili jambo ambalo kila mmoja wetu alidhani lingemalizika kwa dakika kumi. Zilikuwa zimebaki fedha kidogo baada ya ukarabati wa vyoo na tangi la maji, na fundi alikwishapima ule ua ulio nyuma ya upande wa akina mama ili auezeke bati. Hoja ilikuwa nyepesi: mvua ikinyesha, akina mama wanaobaki baada ya darsa hulowa, na ikifika Ramadhani tungepata nafasi ya safu mbili zaidi. Mimi, nikiwa katibu, nilikwishaliandika azimio daftarini hata kabla kikao hakijafunguliwa.

Kabla hatujatawanyika ililetwa barua fupi kutoka kwa akina mama. Waliomba ua ule usiezekwe. Walieleza kuwa wengi wao wanaishi katika nyumba za ghorofa zisizokuwa na ua, na kwamba msikitini ndipo mahali pekee wanapoweza kuketi juani bila kuonwa na wapita njia. Mwandishi wa barua ni muuguzi mstaafu anayewasomesha watoto wetu wa madrasa kila Jumamosi. Chini kabisa aliongeza maneno haya: miongoni mwetu wamo wajawazito watano, na jua lile ni haki ya walio matumboni mwao.

Baadhi yetu tulitabasamu. Katika mji wa Dar es Salaam, ambako kila mtu hukimbilia kivulini, nani aombe jua? Hata hivyo mwenyekiti aliahirisha uamuzi kwa wiki mbili, akaniagiza nimsikilize mama yule, nisome, kisha nilete maelezo. Sikuhitaji kuuliza wajawazito hao ni akina nani. Mmoja wao alikuwa mke wangu, mwenye mimba ya miezi mitano, nasi tunaishi ghorofa ya tatu.

Ndugu msomaji, makala haya ni matunda ya agizo lile. Mimi si tabibu. Elimu yangu ni ya chuo cha dini. Lakini mambo niliyoyakuta yanamhusu kila baba na kila mama, na si haki yabaki katika daftari la kamati.

Vitamini itokanayo na ngozi

Vitamini nyingi huzipata mwanadamu kwa kula. Vitamini D ina tabia ya peke yake: sehemu kubwa ya mahitaji yetu hutengenezwa katika ngozi, pale mionzi fulani ya jua inapoigusa. Kutoka ngozini husafiri kwa damu hadi kwenye ini, kisha kwenye figo, na huko ndiko inakogeuzwa kuwa kitu chenye kufanya kazi mwilini. Kazi yake iliyo mashuhuri ni kuuwezesha mwili kupokea chokaa, yaani kalisiamu, kutoka katika chakula. Bila hiyo, mifupa ya mtoto hulegea na miguu hupinda. Haya ndiyo matege.

Wazungu walilijua gonjwa hili kwa uchungu mkubwa pale miji yao ya viwanda ilipojaa moshi na vichochoro vyembamba. Mwaka 1890 tabibu Theobald Palm, aliyewahi kufanya kazi Japani, aliandika kuwa matege hayaonekani sana katika nchi zenye jua hata kama watu wake ni maskini, na akalitaja jua kuwa ndiyo dawa. Mwaka 1919 Edward Mellanby alionyesha mjini London kuwa mafuta ya ini la samaki huwakinga mbwa wachanga na maradhi hayo, na mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani akaipa vitamini hiyo herufi yake, D. Kwa hiyo jambo la mifupa halina ubishi. Jambo la moyo ni jipya zaidi, nalo lataka tulisome kwa uangalifu.

Mtoto hula katika hazina ya mama

Kijusi hakina jua. Chote alicho nacho mtoto cha vitamini D hukipata kwa mama yake kupitia kondo la nyuma. Damu ya kitovu ikipimwa wakati wa kuzaliwa, kiwango chake hufuata kile cha mama na aghalabu huwa chini yake. Mama akiwa na hazina haba, mtoto huzaliwa na hazina haba zaidi. Tena maziwa ya mama, ambayo hayana mfano wake kwa lishe na kinga, yana vitamini D kidogo sana ikiwa mama mwenyewe hana ya kutosha.

Ukali wa upungufu huu ukipita kiasi, moyo hudhurika mapema na wala hausubiri utu uzima. Mwaka 2008 madaktari wa Uingereza walichapisha taarifa ya watoto wachanga 16 wa London na kusini mashariki mwa nchi hiyo, walioletwa hospitali kati ya mwaka 2000 na 2006 wakiwa na moyo uliotanuka na kushindwa kusukuma damu. Chanzo kilikuwa uhaba wa kalisiamu uliosababishwa na upungufu wa vitamini D. Watoto wote walikuwa wa familia Nyeusi au zenye asili ya Bara Hindi, na wengi wao walikuwa wakinyonya tu. Watatu walifariki. Waliobaki walitibiwa kwa kalisiamu na vitamini hiyo hiyo. Ndugu zetu wengi wanaishi katika miji ile ya baridi. Wasomaji wenye dada na mabinti huko wawafikishie habari hii.

Hali hiyo ya hatari ni nadra. Swali lililobaki ni la wengi: je, mtoto aliyezaliwa na upungufu wa wastani, akakua akicheza kama wenzake, anaweza kubeba athari hiyo hadi ukubwani bila mtu kujua?

Daftari la wakunga

Mwaka 1911, katika jimbo la Hertfordshire kaskazini mwa London, wakunga na wauguzi chini ya Ethel Margaret Burnside walianza kuandika daftarini uzito wa kila mtoto anapozaliwa na anapotimiza mwaka mmoja. Madaftari yale yalikaa makabatini kwa miongo mingi. Profesa David Barker wa Chuo Kikuu cha Southampton alipoyapata, yeye na wenzake waliwatafuta wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya mwaka 1911 na 1930. Katika taarifa yao ya mwaka 1989 walionyesha kuwa wale waliokuwa wepesi zaidi walipozaliwa na walipofikisha mwaka ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo.

Vivyo hivyo nchini Uholanzi. Watu ambao mimba zao zilitungwa katika njaa kali ya mwaka 1944 hadi 1945 walionekana, walipofika umri wa miaka hamsini hivi, kuwa na maradhi ya mishipa ya moyo zaidi ya wenzao.

Maana yake ni kuwa tumbo la uzazi ni msingi wa nyumba. Figo, mishipa ya damu na misuli ya moyo hujengwa humo mara moja tu. Vichujio vya figo, kwa mfano, hukamilika hesabu yake majuma machache kabla ya mtoto kuzaliwa, na baada ya hapo haviongezeki tena. Kwa kuwa vitamini D huhusika pia na homoni za figo zinazotawala shinikizo la damu, wataalamu walijiuliza kama upungufu wake wakati wa mimba nao ni ufa katika msingi huo.

Utafiti unasema nini, na hausemi nini

Kwa panya wa maabara, jibu limeelekea kuwa ndiyo: watoto wa panya walionyimwa vitamini D walikutwa na moyo ulionenepa na mishipa isiyolegea vizuri. Lakini binadamu si panya.

Mjini Boston, Marekani, watafiti waliwafuatilia watoto 775 tangu kuzaliwa, wengi wao wa familia Nyeusi zenye kipato cha chini. Taarifa yao ya mwaka 2019 ilisema kuwa waliozaliwa na kiwango cha chini, yaani chini ya nanogramu 11 kwa mililita moja ya damu ya kitovu, walikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 60 zaidi wa kuwa na presha ya juu kati ya umri wa miaka 6 na 18. Wale ambao kiwango chao kiliendelea kuwa chini katika miaka ya mwanzo ya utoto, uwezekano huo ulikuwa mara mbili.

Mjini Mysore, India, watoto wa mama waliokuwa na upungufu walionekana, walipofika miaka tisa na nusu, kuwa na mwili usioitii vizuri insulini, nayo ni njia ya kuelekea kisukari, mwenza wa maradhi ya moyo. Lakini katika uchunguzi mkubwa wa eneo la Bristol, Uingereza, ulioanza kwa wajawazito wa mwaka 1991 na 1992, tofauti ya shinikizo la damu kwa watoto wa karibu miaka kumi ilikuwa ndogo mno, na watafiti hawakuona kuwa ni jambo la kutia hofu.

Uadilifu watudai tuseme wazi: kwenda pamoja si kusababishana. Mama mwenye vitamini D haba huenda pia ni yule anayekula vibaya, mwenye unene uliozidi, au asiyepata nafasi ya kutoka nje kwa kazi nyingi. Na kila moja ya hayo huweza kumgusa mtoto. Isitoshe, katika jaribio kubwa la Marekani lililowahusisha watu wazima 25,871, matokeo yake yakitangazwa mwishoni mwa mwaka 2018, waliopewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku hawakupungukiwa na maradhi ya moyo kuliko waliopewa vidonge vitupu. Basi ama athari hupatikana mapema, msingi unapojengwa, na mzee hawezi kuirekebisha kwa vidonge. Ama upungufu ni dalili tu ya mengine. Anayekuambia kuwa kidonge kimoja kitamkinga mwanao na maradhi ya moyo anakuuzia kidonge.

Hata hivyo, kutokuwa na yakini juu ya moyo hakuondoi yakini juu ya mifupa, wala hakuwarudishi wale watoto watatu wa London. Kuziba upungufu kwa njia salama ni jambo lenye faida iliyothibiti na faida inayotarajiwa, na gharama yake ni ndogo.

Kitendawili cha nchi zenye jua

Nilimwuliza yule muuguzi: upungufu huu utatupataje sisi tulio karibu na ikweta? Akanijibu kwa kuniuliza mke wangu huliona jua saa ngapi. Nilinyamaza.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha yao ya asili. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, yaani takriban nanogramu 46 kwa mililita, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha 20 ambacho wataalamu wengi hukitumia kuwa mpaka wa upungufu. Jua la nchi yetu, basi, latosha. Lakini nchi za Ghuba nazo zina jua kali, na huko upungufu umeenea mno, kwa wanawake zaidi na kwa wanaume pia, kwa sababu watu huhama kutoka nyumba yenye kiyoyozi hadi gari lenye kiyoyozi. Kioo cha dirisha huzuia mionzi ile inayotengeneza vitamini D, hata kama mwanga na joto vinapita.

Wapo watakaorukia kusema kuwa tatizo ni hijabu. Maneno hayo hayana uzito. Mwanamke wa Kiswahili amejisitiri kwa karne nyingi, na nyumba yake ilijengwa ikilijua hilo. Mbele palikuwa na baraza la wanaume. Nyuma palikuwa na ua uliozungushiwa ukuta au makuti, wazi juu. Humo alipepeta mchele, akakuna nazi, akasuka nywele, akamwogesha mtoto, mikono na shingo vikiwa wazi mbele ya maharimu zake. Sitara na jua vilikaa pamoja. Kilichopotea ni ua. Tumejenga ghorofa, tukaziba kila shubiri kwa sababu ya kodi na bei ya kiwanja, na tukamwacha mama ndani ya vyumba vitatu vyenye mapazia. Nasi wanakamati tulikuwa tunakaribia kuufunga ua wa mwisho kwa bati.

Nini kifanyike

Kwanza, wakati wa jua. Mama zetu wamezoea kuota jua la saa moja asubuhi. Ni jua zuri kwa nafsi, ila mionzi inayohitajika huwa haba jua likiwa chini. Kanuni ya wataalamu ni kutazama kivuli: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, mionzi ipo ya kutosha, kikiwa kirefu, ni kidogo. Sisi tunaopima nyakati za swala tunakielewa kivuli. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, Alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiacha kile cha adhuhuri. Basi jua lenye faida kwetu huanza katikati ya asubuhi na kukoma karibu na Alasiri kuingia. Mama na aketi kwa muda mfupi mara kadhaa kwa wiki, mikono na miguu ikiwa wazi mahali pa sitara, na asifikie kuungua. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, kwa hiyo hakuna dakika maalumu zinazomfaa kila mtu. Mwenye ualbino asilifuate shauri hili kabisa. Kwake jua ni hatari, na njia yake ni chakula na dawa. Mtoto mchanga naye asianikwe katika jua kali.

Pili, chakula. Samaki wenye mafuta kama vibua, pamoja na dagaa na kiini cha yai, wana vitamini D, ingawa chakula peke yake aghalabu hakitoshelezi. Mjamzito asinywe mafuta ya ini la samaki bila ushauri wa daktari, kwani yana vitamini A nyingi inayoweza kumdhuru aliye tumboni.

Tatu, kliniki. Wengi hudhani vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito vina vitamini zote. Vile ni vya madini ya chuma na foliki. Vitamini D haimo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi vitamini D kwa kila mjamzito, bali limesema anayedhaniwa kuwa na upungufu anaweza kupewa yuniti 200 kwa siku. Uingereza, ambako jua ni haba, hushauri yuniti 400 kwa kila mjamzito, na Marekani madaktari wa watoto hushauri yuniti 400 kwa kila mtoto anayenyonya. Kwa hiyo mama anayekaa ndani muda mwingi amweleze mkunga hali yake kwa ukweli, aulize kama anahitaji kupimwa au kupewa dawa, kwake na kwa mtoto. Asijinunulie dozi kubwa. Vitamini hii ikizidi mno, kalisiamu hujaa katika damu na kuumiza figo. Matone ya watoto hasa yahesabiwe kwa uangalifu, maana baadhi ya chupa zina nguvu kubwa katika tone moja.

Nne, suala la halali, ambalo nimeulizwa mara nyingi. Vitamini D3 iliyo madukani aghalabu hutokana na mafuta ya sufi ya kondoo. Panapotakiwa hadhari ni ganda la kapsuli laini: hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini yaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe. Soma maandishi, muulize mfamasia, au chagua vidonge vikavu na matone yaliyo katika mafuta ya mimea. Na katika mwezi wa Ramadhani, mjamzito aliyechagua kufunga ameze dawa yake wakati wa futari au daku pamoja na chakula chenye mafuta, kwani hivyo hupokewa vizuri zaidi mwilini.

Tano, akina baba. Aya ya 233 ya Surat al-Baqara, inayozungumzia miaka miwili ya kunyonyesha, humkabidhi baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha. Nilikuwa nikiisomesha aya hiyo bila kufikiri kuwa nauli ya kliniki, samaki wa wiki na kichupa cha matone vimo ndani ya mzigo huo. Na siku arobaini za uzazi, ambazo ni mila njema ya kumpumzisha mzazi, zisigeuke kuwa siku arobaini za giza. Apumzike, ahudumiwe, lakini dirisha lifunguliwe na apatiwe pa kukaa nje.

Azimio

Baada ya wiki mbili nilisoma maelezo haya mbele ya kamati. Mzee mmoja, aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono bati, alisema mama yake aliwalea watoto tisa katika ua wa nyumba ya makuti, na kwamba hakujua kumbe ua ule nao ulikuwa mlezi. Tulikubaliana kuezeka ukanda mwembamba tu ulio karibu na mlango kwa ajili ya mvua, kuinua ukuta kwa matofali matatu ili majirani wa ghorofani wasichungulie, na kuweka mkeka na mabenchi mawili. Fedha zilitosha, na safu mbili za Ramadhani zilipata nafasi upande wa madrasa.

Mwanangu alizaliwa Mfunguo Tatu. Hupewa matone yake kila siku kwa maelekezo ya daktari, na baada ya darsa mama yake humpakata penye kivuli huku yeye mwenyewe akinyoosha mikono juani. Moyo wake utakuwaje akifika umri wa babu yake, ajuaye ni Mola wake. Letu ni kutoujengea ufa kwa mikono yetu. Lile azimio la kwanza nililoliandika kabla ya kikao bado limo daftarini, nimelikata kwa mstari mmoja ili watakaokuja baada yetu walisome na wajue tuliponea wapi.

Wallahu a'lam.